Kalori unazokula na unazochoma: Kwa nini hesabu za wengi hazitimii

MWENZETU mmoja katika kazi hii ya uhariri, mama wa umri wa miaka 46, aliambiwa na daktari kuwa shinikizo lake la damu limepanda na kwamba, kabla ya kuanzishiwa dawa, ajaribu kwanza kupunguza uzani. Wakati huo alikuwa na kilo 84 na kimo cha sentimita 160.

Hakulichukulia jambo hilo kwa mzaha. Alinunua saa ya mkononi inayohesabu hatua, akaweka kwenye simu yake programu ya kuandikia vyakula, na kila jioni akawa anashuka kwenye matatu mbali na nyumbani ili amalizie safari kwa miguu. Kilomita tano, saa nzima, iwe kiangazi iwe masika.

Baada ya miezi mitatu alipanda mizani na kukuta kilo 85.

Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba mizani imeharibika. Ya pili ilikuwa kwamba ukoo wao ni wa watu wanene na hivyo anapigana na maumbile. Lakini aliponionyesha hesabu alizokuwa akiandika kila siku, ilibainika kuwa mizani haikuwa na kosa na ukoo haukuhusika sana. Kosa lilikuwa katika kile kinachoitwa kalori halisi, na ni kosa linalofanywa na watu wengi mno.

Tuanze na kalori yenyewe. Kalori ni kipimo cha joto, jinsi kilo ilivyo kipimo cha uzani. Kalori moja ya maabara ni joto linalohitajika kuongeza nyuzi moja ya Selsiasi katika gramu moja ya maji. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa mambo ya chakula, na kwa hivyo kalori inayotajwa na wataalamu wa lishe ni kalori 1,000 za maabara, yaani kilokalori. Pakiti nyingi madukani huandika pia kilojuli. Ukikuta kipimo hicho, gawanya kwa 4.2 na utapata kalori zinazozungumziwa katika makala haya.

Wazo kwamba mwili wa kiumbe ni kama jiko linalochoma kuni lilipimwa mapema. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1782 na 1783, Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia mnyama mdogo wa jamii ya panya ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, kisha wakapima maji yaliyoyeyuka kutokana na joto la mwili wake.

Zaidi ya karne moja baadaye, Mmarekani Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan katika jimbo la Connecticut alijenga chumba ambamo binadamu aliweza kukaa kwa siku kadhaa huku joto, pumzi na chakula chake vikipimwa. Kutokana na kazi ya Atwater tunazo namba ambazo hutumika hadi leo: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9 na ya kileo 7.

Namba hizo nne zinatosha kumfanya mpishi kuwa mhasibu. Chapati moja ya gramu 60 za unga wa ngano ina kalori takriban 215 za unga. Ukiipaka gramu 10 za mafuta unaongeza 90, na jumla ni 305. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, nayo ni kalori zipatazo 120. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, kile ambacho hakuna anayekikumbuka baada ya sukuma wiki kuiva, ni kalori 120.

Kwa vyakula vyetu si lazima tena kutegemea majedwali ya Wazungu yasiyojua githeri wala mrenda. Mwaka wa 2018 serikali ya Kenya, kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ilichapisha majedwali ya viini vya vyakula vinavyoliwa humu nchini. Programu nyingi za simu, hata hivyo, bado huchukua takwimu zake kwingine, na chapati inayotajwa humo yaweza kuwa ile nyembamba ya Kihindi ambayo ni nusu ya yetu.

Upande wa pili wa daftari ni matumizi. Mwili hutumia nishati kwa njia tatu. Ya kwanza na iliyo kubwa zaidi ni kuendesha moyo, ubongo, ini, figo na mapafu, hata ukiwa umelala. Ya pili ni kuchakata chakula chenyewe, ambako huchukua takriban sehemu moja kwa kumi ya unachokula, protini ikidai zaidi kuliko mafuta. Ya tatu ni mwendo wa kila aina: kufua, kupanda ngazi, kulima, kukimbia.

Ile ya kwanza hukadiriwa kwa kanuni iliyochapishwa mwaka wa 1990 na inayojulikana kwa majina ya Mifflin na St Jeor. Zidisha uzani wako wa kilo kwa 10, ongeza kimo chako cha sentimita kilichozidishwa kwa 6.25, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume huongeza 5. Mwanamke hutoa 161.

Kwa mwenzetu hesabu ni hivi: 840 jumlisha 1,000, toa 230, toa 161. Jawabu ni kalori 1,449 kwa siku akiwa amelala tu. Anayefanya kazi ya kukaa kitini huzidisha namba hiyo kwa 1.2, na kwa hivyo siku yake ya kawaida ofisini ilikuwa ya kalori 1,739. Anayejishughulisha kiasi huzidisha kwa 1.375, na angepata 1,992.

Hapo ndipo kosa lake la kwanza lilipoingia. Programu ilipomuuliza ni mtu wa aina gani, alijibu kuwa anajishughulisha kiasi, maadamu alikuwa ameazimia kutembea kila jioni. Ikampa 1,992, ikatoa 500 ili apungue, ikamwambia ale kalori 1,492 kwa siku.

Kisha kila jioni saa yake iliripoti kwamba amechoma kalori 420, na programu ikamwongezea 420 hizo kwenye posho ya chakula. Matembezi yaleyale yakawa yamehesabiwa mara mbili: mara ya kwanza alipojaza fomu, na mara ya pili alipovua viatu.

Programu za namna hii hutumia mtindo wa kalori halisi. Unachukua kalori ulizokula, unatoa ulizochoma mazoezini, na kinachobaki ndicho kinacholinganishwa na lengo lako. Ukila 1,900 na kuchoma 400, kalori zako halisi ni 1,500. Mtindo huu hauna ubaya wowote, mradi namba zinazoingizwa ni za kweli.

Kwa bahati mbaya namba ya mazoezi aghalabu si ya kweli, na sababu yake kila mfanyakazi anaifahamu anapotazama mshahara wake. Kuna mshahara ulioandikwa katika barua ya ajira na kuna ule unaoingia benki baada ya makato. Zoezi nalo lina kalori za jumla na kalori halisi. Katika ile saa moja uliyotembea, moyo na ini vingeendelea kula nishati hata kama ungekuwa umeketi ukitazama taarifa ya habari. Sehemu hiyo ilikwisha kuhesabiwa katika matumizi yako ya siku. Ni lazima ikatwe.

Wataalamu hupima ukali wa mazoezi kwa kuulinganisha na utulivu. Mtu aliyeketi kimya hukadiriwa kutumia kalori 1 kwa kila kilo ya uzani wake kwa saa. Kutembea kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa hutumia mara tatu na nusu ya hiyo. Kwa mwenye kilo 84, jumla ni kalori 294. Ukikata 84 za kukaa tu, zinabaki 210.

Saa yake ilisema 420. Hilo halipaswi kumshangaza mtu. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 waliojitolea. Vingi vilipima mapigo ya moyo vizuri. Katika kukadiria kalori, kile kilichofanya vyema zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kile kibaya zaidi kwa asilimia 93. Vifaa vimeboreshwa tangu hapo, lakini bado vinakisia nishati kutokana na mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, na mkono unaochanja kuni hutikisika pasi na mwenye mkono kwenda popote.

Kwa asiyetaka kununua kifaa kuna kanuni nyepesi, ambayo tayari imeondoa gharama ya kukaa tu. Kutembea kwenye barabara tambarare huchoma takriban nusu kalori kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kukimbia huchoma takriban kalori moja. Mwenye kilo 84 akitembea kilomita tano anapata 210 zilezile. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita tano anapata 350. Anayepanda mlima, mathalani vilima vya Ngong, atapata zaidi.

Sasa tuyaweke yote mezani. Matumizi ya kweli ya mwenzetu yalikuwa 1,739 za siku ya ofisini, jumlisha 210 za matembezi, yaani 1,949. Alichoruhusiwa kula kilikuwa 1,492 jumlisha 420, yaani 1,912, na alikula vyote kwa nidhamu. Kwenye simu alikuwa na upungufu wa kalori 500 kila siku. Mwilini mwake upungufu ulikuwa 37.

Hapo hatujagusa kijiko cha mafuta. Alipoulizwa, alikiri kuwa aliandika sukuma wiki bila kuandika mafuta yaliyoikaanga. Kalori 120 zikageuza upungufu wa 37 kuwa ziada ya 83. Zidisha kwa siku 90 na utapata 7,470. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Ile kilo moja iliyoongezeka haikutoka kwa mababu.

Ni kweli kwamba makadirio haya hayawezi kulingana na mizani kwa usahihi huo kila mara. Mwili huhifadhi wanga misulini na inini, kila gramu ikiandamana na gramu tatu hivi za maji. Sahani ya chumvi nyingi, siku za hedhi au mazoezi mapya yanayovimbisha misuli huweza kuongeza kilo moja au mbili usiku mmoja. Ndiyo maana anayejipima kila asubuhi anapaswa kutazama wastani wa wiki badala ya namba ya leo.

Wala mwenzetu asionekane mzembe kuliko wengine. Mwaka wa 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu wanene waliodai kuwa hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Walipopimwa kisayansi ilibainika kuwa walipunguza kalori walizokula kwa asilimia 47 katika maelezo yao, na kutia chumvi mazoezi yao kwa asilimia 51. Hawakuwa wakidanganya kwa makusudi. Binadamu hakumbuki alichoonja akipika, wala njugu alizotafuna akingoja gari.

Pana jambo jingine lililowashangaza hata wataalamu, nalo lilitoka jirani zetu. Mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walikwenda kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, kuwapima Wahadzabe ambao huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi. Walitumia maji yenye viasili maalumu ambayo huonyesha nishati iliyotumiwa na mtu kwa siku nyingi bila kumfungia maabara.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012. Ingawa Wahadzabe hutembea mno kila siku, nishati yao ya siku, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoendesha magari. Pontzer anaeleza kuwa mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Wapo wataalamu wasiokubaliana naye kuhusu ukubwa wa ubanaji huo.

Na hata tukiwatazama mabingwa wetu wa mbio ndefu, namba si kubwa jinsi wengi wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2004 na watafiti akiwamo Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta uliwapima wanariadha 10 wa kiwango cha juu. Walikuwa wakitumia kalori 3,600 hivi kwa siku na kula karibu 3,000, zaidi ya robo tatu zikitokana na wanga, ugali ukiwa mstari wa mbele. Yaani bingwa anayekimbia asubuhi na jioni hatumii hata mara mbili ya mama wa ofisini anayetembea saa moja.

Msomaji atauliza, basi ale kalori za mazoezi au asile? Jawabu la mwandishi huyu ni kwamba mtu anayetembea au kukimbia polepole kwa saa moja, na ambaye bado ana mafuta ya kupunguza, asiziguse. Ajiandikishe kama mtu wa kukaa kitini na ale posho hiyo tu. Anayefanya mazoezi mazito kwa zaidi ya hapo, au anayehisi kizunguzungu na uchovu, ale nusu ya namba inayotolewa na kifaa, kisha aangalie mizani baada ya wiki tatu au nne. Mizani ya mwezi mzima ndiyo hakimu. Ikishuka kasi mno, aongeze chakula. Isiposhuka, kuna kitu hakijaandikwa.

Upande wa chini nao una hatari zake, na huzungumziwa kidogo mno. Msichana wa kilo 50, ambaye kilo 40 za mwili wake si mafuta, akila kalori 1,800 na kukimbia mbio zinazochoma 700, mwili unabakiwa na 1,100 za kufanyia mengine yote. Gawanya kwa 40 na utapata 27.5. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa chini ya 30 hivi homoni huanza kuyumba, hedhi ikakoma na mifupa ikadhoofika, ijapokuwa mpaka huo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa kuhusu upungufu huu wa nishati, na kusisitiza kuwa huwapata wanaume pia.

Wataalamu wengi wa lishe huwashauri wanawake wasile chini ya kalori 1,200 kwa siku, na wanaume chini ya 1,500, bila uangalizi wa daktari. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wanaokua wasijiingize katika hesabu hizi kwa shauri la simu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kuzirai akipunguza chakula na kuongeza mazoezi kwa pamoja pasipo dawa kurekebishwa.

Kuna pia kanuni ya zamani inayotarajiwa mno. Mwaka wa 1958 daktari wa Marekani Max Wishnofsky alikokotoa kuwa ratili moja ya uzani ni sawa na kalori 3,500. Wengi wakaamini kwamba anayepunguza 240 kwa siku atapoteza kilo 11 kwa mwaka, na mwaka ujao 11 nyingine, kana kwamba angeweza kuendelea hadi atoweke. Mwaka wa 2011 Kevin Hall wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani na wenzake walionyesha kuwa mwili unaopungua hutumia kidogo. Kwa makadirio yao, punguzo la kudumu la kalori 24 kwa siku huondoa kilo moja hatimaye, nusu yake ikiondoka ndani ya mwaka mmoja. Hivyo 240 ni kilo tano mwaka wa kwanza, na 10 kwa jumla baada ya miaka kadhaa.

Je, kama zoezi la saa moja halilipi hata chapati moja, kuna haja gani ya kutembea? Haja ipo, na kwa mwenzetu ndiyo iliyompeleka kwa daktari. Mazoezi hushusha shinikizo la damu na kuisaidia misuli kutumia sukari hata pale uzani usipobadilika, na huwasaidia waliokwisha kupungua wasirudi walikotoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Saa yake moja ya kila jioni ilikuwa imeyafikia hayo zamani.

Suala hili si la mtu mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wanene kupita kiasi, na ule wa 2022 ukaonyesha kuwa hali imezidi.

Mwenzetu aliandika upya fomu yake kama mtu wa kukaa kitini. Alipanga kula kalori 1,500, akapima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, akaendelea kutembea bila kujilipa chakula. Upungufu wake ukawa 449 kwa siku. Alipofika kilo 79 uzani ulianza kusimama, akakokotoa tena: siku ya ofisini sasa ni 1,679 badala ya 1,739, na kilomita tano zilezile zinachoma 198 badala ya 210. Kalori 72 zilikuwa zimetoweka kimyakimya. Alizifidia kwa kuacha vijiko viwili vya sukari katika kila kimojawapo cha vikombe viwili vya chai anavyokunywa tukisubiri kurasa zipelekwe mtamboni.